Mstari wa 50 ulitoka wapi? Kisa cha timu ya upimaji wa wachomeleaji Hoima

Cheti cha uchomeleaji kina kazi moja: kumwambia mtu asiyemfahamu fundi kwamba fundi huyu anaweza kukabidhiwa bomba. Mkandarasi hana muda wa kumchunguza kila anayefika getini na boksi lake la vifaa. Anaangalia cheti, anaangalia kimetolewa na nani, anaamua. Cheti kikisema uongo, kwa kumpitisha asiyejua au kumzuia anayejua, hasara yake haiishii kwa aliyekitoa.

Kisa ninachokichambua ni cha timu ndogo ya upimaji katika karakana moja ya mafunzo pembezoni mwa Hoima, magharibi mwa Uganda. Nimekuwa nikiwapa ushauri na kuketi kwenye vikao vyao, nao wameniruhusu kuandika mradi nisitaje jina la karakana wala la mtu. Wawili kati yao walikwenda Kampala kwenye mkutano wa watu wa sekta ya upimaji na vyeti vya kitaaluma. Waliporudi, mtihani wao wa nadharia ulifumuliwa wote. Kinachonivutia zaidi ni namna walivyochagua: mengi waliyoyasikia waliyaacha ukumbini, na machache waliyoyabeba waliyafanyia kazi mpaka mwisho.

Hoima na lugha ya karakana

Tangu mafuta yathibitishwe kwenye bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na hasa baada ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji kutangazwa tarehe 1 Februari 2022, mji huu umejaa vijana wanaotaka kuchomelea. Sababu inaeleweka. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linaanzia Kabaale, si mbali na hapa, na kwenda mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na kati ya hizo 296 tu ziko Uganda. Kuna visima vya Kingfisher wilayani Kikuube na vya Tilenga upande wa Buliisa na Nwoya. Kila palipo na bomba pana mishono, na kila mshono unadai fundi mwenye karatasi.

Watahiniwa wa karakana hii ni wa aina tatu. Wapo vijana waliotoka shule za ufundi, ambao Kiingereza chao cha darasani kiko sawa. Wapo mafundi wa mjini waliojifunzia kazi kwenye mageti na madirisha. Na wapo Wakongo, wengi wao kutoka makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Kikuube, yenye watu zaidi ya 100,000. Wengi wa hao walivuka ziwa kwa mashua kutoka Ituri, na baadhi yao walikuwa mafundi huko kabla ya vita kuwatoa. Karakana nzima inazungumza Kiswahili. Runyoro husikika, Kiingereza husikika, lakini mtu akitaka grainda au akitaka mwenziwe apunguze ampea, anasema kwa Kiswahili. Hakuna ajabu hapo. Katiba ya Uganda iliitambua lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha ifundishwe kwa lazima shuleni. Magharibi huku watu hawakusubiri karatasi hizo.

Mtihani wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Mtihani ulivyokuwa

Sehemu ya vitendo ilikuwa imara, na sina la kuikosoa. Fundi alipewa bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, mkao ambao mafundi wote wanauita 6G, asiruhusiwe kulizungusha. Inambidi azunguke yeye: achomelee kwa chini akiwa amejikunja, apande ubavuni, amalizie juu, huku mkono ukibadilisha pembe bila kusita. Mshono hukaguliwa kwa macho kwanza: kama kuna vitundu vya hewa, kama pembeni pamechimbika mfereji, kama mzizi umepenya. Kisha unapigwa eksirei au unakatwa vipande na kukunjwa. Chuma hakina upendeleo. Kipande kikipasuka kimepasuka.

Sehemu ya nadharia ilikuwa maswali 60 ya kuchagua jibu, kila moja na majibu manne, na alama ya kufaulu ilikuwa 50 kwa 100. Aliyeanguka nadharia hakupata cheti, hata kama mshono wake ungetundikwa ukutani uwe mfano kwa wengine.

Hapo ndipo shida ilipojificha kwa muda mrefu. Msimamo wa timu ulikuwa kwamba anayefaulu vitendo na kuanguka nadharia "hajasoma". Mmoja wa walioanguka alikuwa mzee wa Kikongo, mtu wa mabomba tangu ujana wake, ambaye eksirei ya mshono wake haikuonyesha dosari hata moja. Alirudia nadharia na kuanguka tena. Wakati huohuo kulikuwa na vijana waliopita nadharia kwa alama nzuri, lakini wakikabidhiwa rodi wanashindwa kueleza kwa nini ile ya 7018, inayotakiwa kutunzwa ikiwa kavu, haiachwi juu ya meza kutwa nzima.

Swali lililoulizwa Kampala

Mikutano ya sekta hii ina sura yake. Kuna kumbi za mada, na kuna meza za wauzaji wenye skrini zinazong'aa: mitihani ya kompyuta, kamera zinazomlinda mtahiniwa akiwa nyumbani kwake, programu zinazotunga maswali zenyewe. Wajumbe wetu walizunguka kwenye meza hizo kama kila mtu. Lakini lililowarudisha Hoima na mzigo kichwani lilitoka ukumbini. Mtoa mada aliwauliza waliohudhuria alama yao ya kufaulu ilitoka wapi.

Kwa timu ya Hoima jibu lilikuwa rahisi na la kutia wasiwasi: ilitoka shuleni. 50 ni nusu, na nusu ndiyo inayopitisha mtoto darasani. Hakuna aliyewahi kuketi na kuuliza kama fundi anayejua nusu ya mambo haya anafaa kuachiwa bomba la mafuta ghafi yanayopashwa moto ili yasigande njiani.

Na hata hiyo nusu si nusu. Fundi anayejua kwa hakika maswali 20 kati ya 60, akabahatisha yale 40 yaliyobaki, atapata kwa wastani 10 zaidi, kwa kuwa kila swali lina majibu manne. Jumla ni 30. Amefaulu. Kwa hiyo mstari wa 50 ulikuwa unamkubali mtu anayejua theluthi moja, na wakati huohuo unamkataa mtu anayejua karibu yote lakini hasomi sentensi ndefu za Kiingereza. Nilipowachorea hesabu hii kwenye ubao wa karakana, hakuna aliyezungumza kwa muda, kisha mmoja akaomba waipitie upya kwa sababu hakuamini.

Kiwango chenyewe kilikuwa kabatini

Jambo la kwanza walilofanya waliporudi halikuhitaji mkutano wowote. Walifungua kiwango wanachokifuata, ISO 9606-1, kinachosimamia upimaji wa wachomeleaji wa vyuma vya pua na vya kawaida, wakasoma kiambatisho kinachohusu maarifa ya kazi. Kinasema mtihani wa maarifa unapendekezwa, haulazimishwi, ingawa nchi inaweza kuudai. Kinataja pia njia zinazokubalika: maswali ya kuchagua, maswali ya mdomo yanayofuata orodha iliyoandikwa, kompyuta, au kumtazama fundi akionyesha kwa kufuata vigezo vilivyoandikwa. Njia zote nne ziko sawa mbele ya kiwango.

Yaani mtihani wa karatasi wa Kiingereza, uliokuwa ukiwazuia mafundi miaka yote, haukuwa agizo la mtu. Ulikuwa mazoea. Nasisitiza hili kwa sababu nimeliona kwenye taaluma nyingine pia, kwa umeme, kwa uendeshaji wa mashine, kwa uongozaji watalii: watu wanalinda sharti kwa nguvu zote bila kuangalia kama lipo.

Uganda yenyewe ina mfano wa karibu. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ilianzisha zamani utaratibu wa Worker's PAS wa kumpima mfanyakazi kwa ujuzi alioupata kazini, awe amepita shule au hakupita. Sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi (TVET) ya 2025 sasa imekusanya upimaji wa ufundi chini ya bodi moja, UVTAB. Wazo kwamba ujuzi hupimwa popote ulipopatikana si geni nchini. Lilikuwa halijaingia kwenye karatasi ya nadharia ya karakana hii tu.

Kiingereza kipi ni cha kazi?

Hapa timu ingeweza kuchukua njia ya mkato: kutafsiri maswali 60 kwa Kiswahili na kulala. Mjumbe mmoja alipendekeza hivyo. Ninashukuru wengine walikataa, maana tafsiri ingeacha mtihani mbovu ukiwa mbovu katika lugha mbili.

Badala yake walianza na kazi. Waliwaita mafundi wazoefu, wakaguzi wawili wa mishono na msimamizi wa eneo la ujenzi, wakaandika kila anachofanya mchomeleaji wa bomba kuanzia anapofika asubuhi hadi anapokabidhi mshono. Kwa kila jambo waliuliza linafanyika mara ngapi, na likikosewa linadhuru kiasi gani. Hii ndiyo inayoitwa uchambuzi wa kazi. Kiwango cha ISO/IEC 17024 cha mwaka 2012, kinachosimamia vyombo vinavyotoa vyeti kwa watu, kinaudai uwe msingi wa mpango wote wa upimaji.

Kikao hicho ndicho kilichotenganisha mambo. Maswali mengi ya karatasi ya zamani, kama historia ya mkondo wa umeme na majina ya Kilatini ya madini, hayakupata kazi ya kushikamana nayo. Yakatolewa. Upande wa pili, liliibuka jambo ambalo karatasi ya zamani haikuligusa kabisa: kusoma hati ya utaratibu wa kuchomelea, ambayo kila mtu anaiita WPS. Karatasi hii humwambia fundi aina ya rodi, unene wake, ampea za chini na za juu, ncha ya umeme (chanya au hasi), joto la kutangulizia chuma na joto lisilopaswa kuzidi kati ya tabaka moja la mshono na jingine. Eneo la ujenzi huku inaandikwa kwa Kiingereza. Fundi asiyeisoma anachomelea kwa kukisia.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa amekuja na msimamo mkali kwamba Kiingereza ni lazima kwa sababu za usalama. Alikuwa na haki nusu, na uchambuzi wa kazi ulionyesha ni nusu ipi. Fundi anahitaji Kiingereza cha WPS, cha vibandiko vya hatari na cha kibali cha kufanyia kazi. Ni maneno machache, tarakimu na alama. Hahitaji kuweza kusoma aya yenye vishazi vitatu kuhusu tabia ya haidrojeni ndani ya chuma. Anahitaji kujua kuwa rodi yenye unyevu inaleta ufa.

Basi wakaugawa mtihani. Sehemu ya kwanza: fundi anapewa WPS halisi ya Kiingereza, anasimama mbele ya mashine, anaiseti kama hati inavyosema na kuchagua rodi kutoka kwenye rafu yenye rodi mchanganyiko. Hakuna kutafsiriwa hapo. Sehemu ya pili ni usalama, na ya tatu ni maarifa ya chuma na kasoro za mishono. Hizi mbili mtahiniwa anachagua afanye kwa karatasi au kwa mdomo, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, akiulizwa maswali yaleyale yaliyoandikwa na kwa mpangilio uleule.

Na waliongeza kanuni ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote: kila sehemu inafaulu peke yake. Zamani alama zilichanganywa, hivyo mtu aliyekosa maswali yote ya gesi na moto angeweza kuokolewa na maswali ya michoro.

Siku ya kuchora mstari

Ilibaki alama ya kufaulu. Njia waliyoisikia mkutanoni inajulikana kwa jina la William Angoff wa Marekani, aliyeieleza mwaka 1971 katika sura ya kitabu cha upimaji. Mwenyewe aliandika kwamba wazo alilipata kwa mwenzake Ledyard Tucker, lakini jina lililobaki ni lake. Haihitaji kompyuta. Inahitaji watu wanaoijua kazi, wakae pamoja, wamfikirie fundi wa kizingitini: yule ambaye anatosha tu, bila ziada. Kisha kwa kila swali kila mjumbe anaandika: kati ya mafundi 100 wa namna hiyo, wangapi wangelijibu sawa?

Niliketi kwenye jopo hilo, ndani ya kontena linalotumika kama ofisi, feni ikiwa imezimwa kwa sababu ya kelele. Walikuwemo yule mzee wa Kikongo, mkaguzi wa eksirei, mwalimu wa karakana, fundi mmoja wa mjini na msimamizi wa ujenzi. Swali lilikuwa hili: rodi za 7018 zimetolewa kwenye oveni asubuhi, zimekaa mezani kutwa nzima, hewa ina unyevu. Ufanye nini?

Jibu linalotakiwa ni kutozitumia. Gamba la rodi hizi hunyonya unyevu wa hewa, unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono, na ufa unaweza kujitokeza siku moja au mbili baadaye, fundi akiwa ameshaondoka na bomba limeshafukiwa. Kanuni ya Marekani ya AWS D1.1 inaziruhusu rodi za kawaida za kundi hili kukaa nje kwa saa 4 tu.

Makadirio yakasomwa: 90, 85, 95, 90. Fundi wa mjini alikuwa ameandika 60.

"Kaka, kwa nini 60?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, mafundi wengi hapa tunachoma na 6013. Tunainunua dukani moja moja, tunaiweka mfukoni, inafanya kazi. Kuna mtu anachoma mageti miaka kumi na hajawahi kuona oveni."

Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, huyo wa mageti ni fundi, hakuna anayekataa. Lakini hii karatasi inampeleka wapi?"

"Kwa bomba."

"Basi huko kwa bomba atakutana na 7018 siku ya kwanza. Kama hajui, tusimtume."

Fundi wa mjini alifuta 60 akaandika 80. Wastani, uliokuwa 84, ukawa 88. Hakulazimishwa, na hiyo ni kanuni ya njia hii: mjumbe anabaki na makadirio yake kama hajashawishika. Lakini angalia kilichotokea. Watu watano walikuwa na mafundi wawili tofauti vichwani mwao bila kujua, mmoja wa mageti na mwingine wa mabomba, na swali la rodi likawafichua. Bila mjadala ule wangechora mstari kwa ajili ya mtu ambaye cheti hakimhusu. Kwangu mimi hilo ndilo linaloipa njia hii thamani yake, kuliko hesabu inayofuata.

Kulikuwa na swali jingine, kuhusu kutanguliza joto, lililokuwa na kukanusha mara mbili ndani ya sentensi moja. Mzee alisomewa, akaomba arudiwe, kisha akauliza: "Hii swali inauliza kazi ama inauliza nini?" Mkaguzi wa eksirei naye akakiri hana uhakika linataka nini. Likatolewa. Baadaye walipopitia majibu ya vikao vilivyopita waliona kwamba waliofanya vizuri kwenye maswali mengine ndio waliokuwa wakilikosa hili. Swali linalowaangusha wazuri na kuwapitisha dhaifu halipimi kitu, na timu yoyote yenye karatasi za zamani kabatini inaweza kulitafuta kwa kalamu na daftari, ingawa ukiwa na watahiniwa wachache usiziamini takwimu peke yake. Zikuonyeshe pa kuangalia, kisha uangalie.

Makadirio ya maswali yote yalipojumlishwa, mstari uligawanyika. Sehemu ya usalama ilipanda juu sana ya 50. Sehemu ya maarifa ya chuma ilishuka kidogo. Kwa maneno mengine jopo, ambalo wengi walidhani linalegeza masharti kwa ajili ya wasiojua Kiingereza, lilikuwa limeyakaza pale penye hatari.

Meneja hakufurahi

Wakati timu ilipopeleka pendekezo, meneja wa karakana aliona jambo moja: baadhi ya vijana waliokuwa wakipita sasa wataanguka usalama, na wazazi wao wamelipa ada. Alitaka mstari wa usalama urudishwe 50 "kwa mwaka huu". Nafahamu shinikizo alilokuwa nalo, lakini ombi hilo lilikuwa baya na timu ilifanya vyema kulikataa. Jopo likishakaa na kutoa sababu zake, mwenye haki ya kuugusa mstari lazima naye atoe sababu, na sababu hiyo lazima itoke kwenye kazi, isitoke kwenye ada. Walikubaliana kitu kingine: atakayeanguka usalama pekee arudie sehemu hiyo tu, baada ya mafunzo ya ziada yasiyolipiwa.

Mazungumzo hayo yalifungua somo la pili la mkutano. Walimu wa karakana ndio waliokuwa wakitahini wanafunzi wao wenyewe. ISO/IEC 17024 inauona mpangilio wa aina hiyo kuwa tishio kwa uadilifu wa cheti, na inasema waziwazi kwamba anayeamua nani apewe cheti asiwe amemfundisha wala kumtahini mtu huyo. Timu ya watu wachache haiwezi kujigawa mara mbili. Walichofanya ni kubadilishana watahini na karakana nyingine ya mkoa huo, na uamuzi wa mwisho ukawekwa mikononi mwa kamati ya watu watatu ambao hawafundishi popote kati ya hizo mbili. Usafiri wa watahini ndio gharama pekee.

Kuvuja kwa maswali walikushughulikia haraka. Karatasi moja ilikuwa ikitumika miaka na picha zake zilishazunguka kwenye simu za vijana. Sasa wana benki ya maswali na wanachagua seti mpya kila kikao. Uhakiki wa vyeti pia: kuna namba moja ya simu ambayo mwajiri anapiga na kuambiwa kama cheti fulani ni hai na kinahusu mkao gani. Cheti bandia mjini Hoima hakihitaji ujanja mkubwa, kinahitaji duka la fotokopi, kwa hiyo namba hiyo ina thamani kuliko nembo yoyote inayong'aa.

Kamera na mitihani ya mbali waliikataa, na nawaunga mkono. Mtahiniwa wao anakuja karakanani hata hivyo, kwa sababu bomba liko karakanani. Hakuna kinachopatikana kwa kumlinda kwa kamera akiwa Kyangwali na intaneti ya kusuasua.

Mzozo uliobaki

Mambo mawili hayajakwisha. La kwanza ni mtahini wa mdomo. Karatasi humsahihisha kila mtu kwa ufunguo uleule, lakini mtu anayeuliza kwa mdomo anaweza kumsaidia mtahiniwa kwa sauti, kwa uso, kwa kurudia swali mara ya tatu akibadilisha neno. Wameanza kurekodi mahojiano, na mtahini wa pili anasahihisha kutoka kwenye rekodi bila kuona alama za wa kwanza. Panapotofautiana, wa tatu anaitwa. Ni kazi nyingi, na bado naona baadhi ya watahini wanasamehe zaidi wanapomuuliza mtu mzima kuliko kijana. Heshima yetu kwa wazee ni nzuri nje ya chumba cha mtihani.

La pili ni kali zaidi. Mkandarasi mmoja ametaka cheti kionyeshe kama nadharia ilifanywa kwa mdomo na kwa Kiswahili. Nusu ya timu inaona ni ukweli tu na ukweli uandikwe. Mimi sikubaliani nao. Uwezo wa kusoma WPS ya Kiingereza umeshapimwa kwa kila mtahiniwa, mbele ya mashine, na bila msaada. Kiwango kimeziruhusu njia zote. Tukiandika "Kiswahili" kwenye cheti, tutakuwa tumemrudishia mwajiri kisingizio tulichokiondoa kwenye mtihani, na atakayeumia ni yuleyule aliyekuwa akiumia. Atakayefanya hivyo pia anasahau kwamba sehemu kubwa ya bomba hili iko Tanzania, ambako fundi anayeelewa maelekezo kwa Kiswahili ni faida kwa kila msimamizi.

Njia ya kuumaliza mzozo ipo, nayo imo ndani ya kiwango chenyewe. Chini ya ISO 9606-1 cheti hakibaki hai bila mwajiri au mtahini kuthibitisha kila baada ya miezi 6 kwamba fundi bado anachomelea ndani ya mipaka ya cheti chake. Fomu hizo zinarudi karakanani. Timu imeongeza mistari miwili kwenye fomu, mishono iliyokaguliwa na mishono iliyorudishwa kurekebishwa, na kwenye daftari lao wenyewe wanajua nani alipita kwa mdomo na nani kwa karatasi. Kamati imekubali kutoandika lugha kwenye cheti hadi fomu za mzunguko wa kwanza zirudi na kulinganishwa.